Mzee Hirabuki Anatoka, Kibao cha Sayo Kinabaki

Mla-tikiti mwenzangu, msomaji wa jarida letu la kijiji, kaa kwanza. Mzee Hirabuki Kanjuro amestaafu. Jumapili tarehe 31 Agosti, baada ya viangazi arobaini na vitatu kwenye banda la mashua la Kijiji cha Kiangazi cha Okimi, alivua kofia yake ya majani, akaitundika msumarini, basi. Mimi nimefanya naye kazi miaka mitatu tu, ila nimepewa niandike kwa sababu wengine wote wakishika kalamu wanalia.

Alikuja hapa na miaka ishirini na miwili, kupaka mashua rangi kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo zimeisha juzi. Mashua kumi na nne zinaelea kwa sababu yake. Nyavu za mbu kwenye madirisha ya nyumba zote thelathini na moja kazishona yeye. Lile bomba la kisima ambalo fundi wa mjini alisema litupwe, bado linatoa maji. Ni yeye aliyegoma televisheni isiingie ukumbini, na ni yeye mlinzi wa saa ya kimya, kuanzia saa saba mchana mpaka saa tisa, wakati hata watoto wananong'ona na unasikia matikiti tuliyoyaweka yapoe yakigongana kwenye maji ya chemchemi. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nitapata wazimu. Siku moja nikawasha redio, kidogo tu. Akaja, akakaa pembeni yangu ananitazama kama mtu anayesubiri homa ya mgonjwa ishuke. Nikazima. Siku hizi nikirudi mjini usingizi hauji, nakitafuta kimya kile.

Lakini ndani ya kimya cha Okimi kuna kitu kingine, na wewe unakijua. Leo tukiseme.

Kanuni yetu ni moja. Ukiingia majini, unageuza kibao chenye jina lako kwenye ubao wa bandani kiwe upande mwekundu; ukitoka, unakirudisha upande mweupe. Kengele ya saa kumi na moja jioni ikilia, msimamizi anaukagua ubao. Kikibaki chekundu hata kimoja, anachukua makasia, anaenda kumtafuta mwenyewe. Na hageuzi kibao cha mtu ambaye hajamwona kwa macho yake.

Kiangazi chake cha pili, Hirabuki aligeuza. Mvua ilikuwa inakuja, na kibao cha Sayo, binti wa nyumba namba kumi na saba, kilikuwa chekundu. Akadhani katokea upande wa mianzi akasahau kukigeuza, maana vijana walikuwa wanasahau kila siku. Akakiweka cheupe, akafunga banda. Wazazi walipokuja kuuliza, ubao ukawajibu kwamba mtoto wao katoka majini. Wakamtafuta msituni mpaka kukapambazuka. Sayo hajaonekana hadi leo.

Mama yake hakumlaumu. Aliomba tu kibao kisiondolewe. Na kila Agosti, mpaka alipofariki, alimletea Hirabuki mtungi wa biringanya za kuchachusha. Wakongwe wanasema Hirabuki alikuwa anazila amesimama.

Tangu mwaka ule, kengele ikilia, kibao cha Sayo kinakutwa chekundu. Kila jioni. Hirabuki anapiga kasia mpaka katikati ya ziwa, anakaa kidogo, anarudi, anakigeuza, watu wanakula. Mimi mjuaji nikasema anakigeuza mwenyewe mchana, majuto hayo. Tukacheka na Bibi Tokuie wa ofisini. Mwaka jana mzee akalazwa siku tisa kwa ajili ya nyonga. Banda nilikuwa nalifunga mimi, ufunguo uko shingoni mwangu. Siku zote tisa kikawa chekundu. Nikachukua makasia kila jioni, na sijacheka tena.

Sasa Jumapili. Gati limejaa watu, hotuba zimekwisha, tambi za baridi ziko mezani. Kengele ikalia. Kibao chekundu. Mzee akaenda, akarudi, akasimama mbele ya ubao, mkono umebaki hewani. Mwenyekiti wetu, mtu wa utani, akamwambia, "Geuza basi kaka, tambi zinanyonya mchuzi."

"Sijamwona."

"Miaka yote hiyo si unageuza?"

"Ndiyo. Nimewadanganya kila jioni ili chakula kiwashuke. Kosa la siku moja nimelirudia miaka arobaini na mmoja. Leo sigeuzi."

Hakuna aliyegusa tambi. Akakiacha chekundu, akaniwekea makasia mikononi, akaenda kupanda basi la kwa dada yake, kule pwani.

Mzee Hirabuki, asante kwa mashua, kwa nyavu, kwa kimya, na kwa kutuambia ukweli siku ambayo ungeweza kuondoka na makofi tu. Huko uliko, maisha yawe matamu, nyonga itulie, na jioni zako zisiwe na kengele.

Nilikuwa nimemalizia hapo. Sasa ngoja.

Leo Jumanne tunafunga msimu. Vibao vyeupe vinashushwa na kuwekwa sandukuni mpaka mwakani. Chekundu hakishushwi kamwe. Asubuhi nimefungua banda. Kibao cha Sayo ni cheupe. Kinatiririka maji, na sakafu chini yake ni kavu mpaka mlangoni. Bibi Tokuie ameapa si yeye. Mwenyekiti yuko mjini tangu Jumapili. Ufunguo ninao.

Mzee, najua utalisoma jarida hili. Sikwambii karudi, kwa sababu sijamwona. Sikwambii hajarudi pia. Sanduku liko wazi, makasia yapo mlangoni, ziwa halina hata kiwimbi.

Wewe, mla-tikiti, ungekifungia sandukuni na wenzake, au ungeingia kwenye mashua kwanza?