Watu Waliomo Nyuma ya Wimbo: Risala ya Kikundi cha Tusikilizane, Jang'ombe

Mgeni rasmi, Bwana Haroub Khelef, Mkurugenzi wa Jumba la Muziki la Kipepeo, Shangani;
Bwana Tahir, msaidizi wako, ambaye amekuja na koti ingawa tulimwambia feni letu ni moja;
Mwenyekiti wetu, Bi Wanu Jecha;
Wazee, majirani, na nyinyi mliokaa ngazini kwa sababu chumba kimekwisha:

Assalaamu alaykum.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu hapa ghorofani kwa Bi Wanu. Tumekuita mgeni kwa sababu risala haisomwi bila ya mgeni. Lakini wewe umezaliwa uchochoro wa nyuma, na wapo humu ndani waliokukogesha. Wameahidi hawatasema kitu. Sisi tumewaamini kiasi.

Kiti ulichokalia kimewekwa katikati kwa heshima yako, na pia kwa sababu hapo ndipo spika zote zinapokutana. Tunaomba usikisogeze, hata kama feni halikufikii.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza pale watu walipoanza kutupa kanda zao za zamani. Redio za kuzichezea zimekufa, watoto wanazivuta utepe kufungia matiara ya kurusha angani. Bi Wanu akaona hasara. Akatoa chumba hiki, akamtoa na Maryam, binti wa kaka yake, ambaye ana kompyuta na ana subira ya kukaa nayo. Sisi wengine tulitoa kanda, chai na maneno.

Kanda iliyokuleta leo ni ya taarabu ya harusi, iliyopigwa alasiri moja ya miaka ya themanini, katika uwanja huu ulio chini ya dirisha. Mwimbaji ni Bi Salhiya, ambaye sasa yuko Nungwi kwa mwanawe na sauti imemkimbia. Nyuma yake wamesimama waitikiaji. Wa mwisho katika mstari, karibu na ukuta, ni Bi Wanu, msichana, siku yake ya kwanza mbele ya watu, na viatu vya kuazima.

Aliyerekodi ni marehemu Ubwa, fundi redio. Alikuwa na vinasa sauti viwili. Kimoja alikisimamisha mbele ya Bi Salhiya. Cha pili waya wake ulikuwa mfupi, haukufika kwa wapigaji, basi akakitundika kwenye msumari wa dirisha, juu ya vichwa vya wanawake waliokaa kusikiliza.

Mgeni rasmi, wewe umelelewa na wanawake wa Jang'ombe. Huna haja ya kuambiwa kinasa kile kilisikia nini.

TULIYOFANIKIWA

Ulipotuomba wimbo huu kwa ajili ya ufunguzi wa jumba lako, ulitaka uwe wa kumzunguka msikilizaji, kwa kuwa jumba lina spika mbele, ubavuni na nyuma. Kanda yetu ni ya stirio, kushoto na kulia basi. Maryam akatafuta plagini, yaani kiprogramu kinachopandikizwa ndani ya programu kubwa ya sauti. Kazi yake kugawa. Kinachosikika sawasawa pande zote mbili hukiweka mbele, katikati, na huyo ndiye Bi Salhiya. Kinachosikika upande mmoja tu, pamoja na mwangwi wa kuta, hukipeleka nyuma. Hakiongezi kitu kisichokuwamo. Ni kama mpakuaji wa shughuli, wali huku, mchuzi kule.

Siku ya kwanza kilipakua vibaya. Ganuni yote ilikwenda nyuma.

"Kakosa nini huyu mpiga ganuni?" akauliza mwenzetu Bi Ulfat. "Mbona kapelekwa jikoni?"

Maryam akamrudisha mbele. Akapiga tena, na safari hii vigelegele vikatoka nyuma yetu. Chumba kizima tukageuka kutazama mlango nani kaja. Hajaja mtu. Bi Nasima yeye hakugeuka. Alishazama kwenye wimbo, akainuka kwa madaha, mkono mmoja juu, akaenda kumtunza mwimbaji kama inavyopasa. Mwimbaji hayupo, ipo spika. Basi akaitunza spika kikuba chake cha maua ya asumini, kikaingia kwa ndani, na Maryam amekataa kuifungua kukitoa.

Hayo ndiyo mafanikio. Mengine yapo, lakini yameingiliana na changamoto, na tunaomba tuyasome huko.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni vita. Kikundi kilikuwa kimekaa kimya kinasikiliza, Bi Wanu mbele, Bi Ulfat nyuma yake, kando ya spika ya kushoto. Waitikiaji walipoingia, ikasikika nyuma sauti ya mwanamke, wazi, yenye kicheko ndani yake:

"Huyo wa mwisho anafungua mdomo tu, sauti kaiacha kwao!"

Bi Wanu akageuka kama aliyechomwa sindano. "Ulfat! Sauti yangu imekukosea nini?"

"Mimi? Bi Wanu, nna andazi mdomoni, nseme kwa pua?"

"Basi pua yako haina adabu!"

"Haya, nyumba ni yako, na pua naondoka nayo."

Akaondoka nayo. Walikaa hawasemeshani, nasi tukawa tunapeleka chai huku na huku kama mabalozi. Mwisho Maryam akampigia magoti Bi Ulfat, akamrudisha, akamkalisha mbele kabisa ambapo kila mtu anamwona. Akapiga wimbo tena. Sauti ile ikasema maneno yale yale, kutoka kule nyuma, kwenye kiti alichokiacha kitupu.

Bi Ulfat akapangusa makombo. "Kiombeni radhi kiti," akasema.

Bi Wanu hakucheka. Alikwenda akainama kwenye spika, sikio karibu kabisa, akasema taratibu, "Huyu Shamsi."

Mgeni rasmi, tunajua jina hilo unalibeba vipi. Tunazungumza juu ya mama yako, Bi Shamsi, Mungu amrehemu. Hatumsengenyi. Anajisemea mwenyewe.

Na ilitubidi tumfahamu Bi Wanu. Neno lile hakulisikia mara ya kwanza humu chumbani, ndiyo maana alidhani Bi Ulfat analirudia kumcheka. Alilisikia siku ile ile ya harusi, amesimama kwa viatu vya kuazima, na wanawake wote wakacheka. Likamkaa. Aliitikia mpaka wimbo ukaisha, akashuka, na toka siku hiyo hakupanda tena mbele ya watu. Sisi tumemjua Bi Wanu kama mtu wa kupanga viti na kumwagizia mwimbaji maji ya moto. Sauti yake tumeisikia ikitoka jikoni tu, na ukiingia anakohoa.

Basi siku ile, badala ya kumwambia Maryam azime, akamwambia, "Punguza mbele. Pandisha nyuma. Nataka nimsikie mpaka amalize."

Maryam akamshusha Bi Salhiya, akawashusha fidla na dumbaki, na wanawake wa dirishani wakatujia wote. Mmoja anauliza nani kamkanyaga mtoto. Mmoja anasema biriani ina chumvi, lakini anaongezewa. Kisha Bi Shamsi, kwa sauti ya kupasua ukuta:

"Haroub! We Haroub! Irudishe hiyo sambusa chini ya kawa! Sinia la bibi harusi hilo!"

Mgeni rasmi, sisi tulikuwa tumekubaliana kwamba risala hii haitamtaja mwizi. Lakini hatuna uwezo juu ya spika. Sambusa, kwa anayetaka kujua, haikurudishwa, maana maneno yanayofuata ni, "Na hiyo ya pili je?"

Tulicheka mpaka Bi Nasima akaombewa maji. Na katikati ya kicheko ndipo Bi Wanu aliponyanyua mkono tunyamaze. Wimbo ulikuwa umefika mwisho mwisho, pale waitikiaji wanapobaki peke yao bila ya ala. Nyuma, Bi Shamsi akawa hasemi na umma tena, anasema na wa jirani yake:

"Lo! Yule wa mwisho kaimba. Sikiliza. Kaimba mtoto wa watu."

Yule wa jirani akamjibu jambo. Bi Shamsi akasema:

"Ah, msimwambie. Atavimba kichwa."

Na kweli, hawakumwambia. Wanawake wa Jang'ombe, ambao hawajapata kutunza siri ya mtu, hiyo moja wakaitunza. Waliokuwa dirishani wamezikwa nayo. Bi Wanu amekuwa mtu mzima, ameoza watoto, mvi zimeingia, na kumbe sifa yake ipo muda wote ndani ya kanda, upande wa kushoto, chini ya fidla, inamngoja mtu wa kuitenga.

Hatutasema alilia. Mwenyekiti amekataa lisomwe hilo. Tutasema alikwenda dirishani akarekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro. Kisha akasema, "Rudisha pale," na Maryam akarudisha. "Tena." Akarudisha. Mara ya tatu, waitikiaji walipobaki peke yao, akaitikia nao. Si jikoni. Hapa, karibu na kiti hicho ulichokalia.

Changamoto ya pili ni fupi. Kesho yake akaja Bwana Tahir. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Kazi nzuri, lakini Mkurugenzi anataka wimbo mtupu. Hizi kelele za watu zitolewe zote. Wageni wanakuja kusikiliza muziki, hawakuja harusini."

Bi Ulfat akamuuliza, "Na taarabu bila ya watu inaitwaje?"

"Inaitwa safi, Bi Ulfat."

"Hata maiti ni safi, mwanangu. Kaoshwa."

Bwana Tahir akasema yeye ametumwa tu, na kwamba bila ya hivyo jumba litafunguliwa kwa wimbo mwingine, wa kikundi kingine. Hatumlaumu. Alikunywa chai akaondoka salama.

Maryam ni mtiifu, akajaribu. Ipo plagini nyingine ya kusafisha. Unaionyesha kelele, inaikamata na kuifuta popote ilipo. Wimbo ukatoka mweupe kama shuka la hospitali. Bi Salhiya anaimba, hapana anayemjibu. Anamaliza ubeti, kimya. Bi Wanu aliusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Sasa hapa Salhiya anamwimbia nani?"

Tena huwezi kufuta nusu. Plagini haichagui tusi ikaacha sifa, wala haimwondoi mwizi wa sambusa ikamwacha mama yake. Watu wale wameshikana. Anatoka mmoja, wanatoka wote.

MAOMBI YETU

Ombi la kwanza ni feni la pili. Tunalitaja kwa kuwa kila risala huwa na ombi la namna hii, na tusingependa kuvunja mila.

Ombi la pili ndilo lililotufanya tukodi viti. Tunaomba wimbo huu ufungue jumba lako pamoja na watu wake. Bi Salhiya akae mbele, ala zimzunguke, na wanawake wa Jang'ombe wakae nyuma walikokuwa. Mgeni atakayekaa katikati, awe ametoka Kidichi au ng'ambo, ajue kwamba hapa mwimbaji haimbi peke yake. Anaimba na huku anasemwa. Kama atageuka nyuma kutazama nani kasema, basi kaisikia taarabu.

Tunajua ombi hili lina gharama kwako. Wimbo utakapopigwa, jina lako litaitwa Shangani mbele za watu wakubwa, na habari ya sinia itajulikana. Bi Nasima anashauri useme ni Haroub mwingine. Sisi tunaona haitosaidia, sura ni ile ile.

Na kama huwezi kukubali, hatutanuna. Wimbo ni wetu sote, na jumba ni lako. Lakini tusikufiche jambo moja. Maryam alipokuwa anafuta, alifuta katika nakala tu. Ile yenyewe hajaigusa. Alijaribu mara kadhaa kubonyeza kitufe cha kuifuta, na kila mara alimtazama Bi Wanu, na Bi Wanu akamwambia, "Bonyeza, mwanangu, mie nshasikia, yananitosha." Maryam mkono ukakataa. Akaniachia mimi katibu, na wangu ukakataa. Akapewa Bi Ulfat, ambaye ndiye aliyedhulumiwa na sauti ile kuliko mtu yeyote humu. Akasema yeye hajapata kumkatiza Bi Shamsi alipokuwa hai, hataanza leo.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, baada ya risala hii Maryam atazima feni, maana linaingia kwenye sauti, na atakupigia wimbo wote. Kompyuta imewekwa kwenye stuli mkono wako wa kulia. Kitufe cha kufuta ni hicho chenye karatasi nyekundu. Ukisikiliza na bado ukaona kuwa ni kelele, tunakuomba umnyamazishe mama yako wewe mwenyewe, kwa mkono wako, sisi tukikutazama.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya na masikio mema, awarehemu waliotangulia kwa waliyoyasema na kwa waliyoyaficha, na ajaalie kila mwenye sifa yake imfikie yungali hai.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Tusikilizane, Jang'ombe, Unguja.
Imesomwa kwa niaba yao na Rukaiya Muslim, katibu.

Maryam, zima feni.