Bibi Spana, Fundi Aliyekataa Kutia Saini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, karakana ya Idara ya Maji inamuaga fundi wake mkuu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Alipoajiriwa tulimwita Dada Spana. Alipojifungua pacha akawa Mama Spana. Sasa ana wajukuu watatu, na ukimwita Bibi Spana ataitika, ila chai yako utajimiminia mwenyewe.

Alianza kwa kuosha vipuri, mwanamke pekee kati ya wanaume tisa. Msimamizi wa wakati huo alimkadiria mwezi mmoja. Msimamizi alihama, yeye akabaki, akafundisha mafundi kumi na wanne.

Lakini habari inayosimuliwa zaidi hapa kazini ni ya pikapu nyeupe iliyopanda kila siku kwenye matangi ya mlimani. Siku moja ikiteremka na mabomba na mafundi wanne, breki zilishika moto, pedali ikazama hadi sakafuni, na dereva akaielekeza kwenye tuta la udongo. Ashukuriwe Mungu, watu walitoka na michubuko tu. Dereva huyo ni mimi ninayeandika.

Ofisi iliandika ripoti kwamba nilikwenda mwendo wa kasi. Ilibaki saini ya fundi mkuu tu, nifukuzwe. Wenzake walimnong'oneza asijitie matatani, kwa kuwa nimemwoa dada yake na watu hawakosi la kusema. Aliisoma mara mbili, akairudisha mezani kwa mkurugenzi.

"Bosi, shemeji yangu ana makosa mengi, muulize dada yangu. Hili si lake. Tuliiongezea pikapu fremu ya chuma na mzigo, breki tukaziacha zile zile. Nipe wiki mbili."

Mkurugenzi alikubali shingo upande. Mama Spana akafunga diski pana zaidi na pedi nene. Diski zikagoma kuingia ndani ya rimu za zamani. Akabadilisha na rimu. Akaweka mipira mipya ya breki na mafuta mapya, kisha akalala chini ya gari kutoa hewa iliyobaki kwenye breki, mtunza stoo akiwa kwenye pedali. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Sauti ilifika ghorofani. Mtunza stoo alichechemea siku mbili.

Siku ya jaribio pikapu ilijazwa mifuko ya mchanga kupita mzigo wake wa kawaida. Mama Spana alishika usukani, akamfungulia mkurugenzi mlango wa pili.

"Funga mkanda, bosi."

Waliteremka mlima ule mara tatu mfululizo, breki zikikanyagwa kila kona. Sisi tulisubiri chini. Mara ya tatu pikapu ilikuja mbio, ikasimama juu ya mstari wa chokaa bila kuyumba hata kidogo. Mkurugenzi alishuka, akajifuta jasho, akaichana ripoti mbele yetu sote. Wiki iliyofuata aliagiza pikapu zote tano zifungwe breki kama hizo. Huu ni mwaka wa kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyotuangusha.

Bibi Spana, tumesikia kwamba banda la kuku la mumeo tayari limeandikwa "Gereji". Kuku tunawapa pole. Wewe, shemeji, tunakushukuru kwa kila aliyeteremka mlima ule akafika kwake salama. Pumzika kwa raha, uishi miaka mingi yenye afya, na simu zetu usizizime.