Siku Kumi za Danson Mutinda Bila Usukani

Baada ya miaka tisa na miezi miwili kwenye usukani, Bwana Danson Mutinda anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba 2019. Aliingia kazini Agosti 2010 akiwa na miaka hamsini na mmoja, umri ambao mawakala wa ajira wa Nairobi walikuwa wakimshauri mtu arudi nyumbani akafuge kuku. Leo ana miaka sitini, meno yake yote, na leseni isiyo na kosa hata moja. Katika ofisi yetu ya safari hapa Olaya, Riyadh, hakuna mwingine anayeweza kujitapa hivyo, na mwandishi wa wasifu huu anajihesabu humo humo.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nyumbani kwa mama mzazi wa bosi wetu, Mama Um Talal. Mwaka mmoja kabla ya hapo mama huyo alikuwa amempoteza mumewe katika ajali ya barabarani, na tangu siku ile hakukubali kupanda gari la mtu yeyote. Madereva watatu walikuja wakaondoka. Danson alipofika hakujaribu kumshawishi. Alilitoa gari, akalizungusha uani mara kumi, taratibu kama mtu aliyebeba uji wa moto, mama akimtazama kutoka dirishani. Akafanya hivyo siku nne. Siku ya tano mama akashuka, akaketi kiti cha nyuma, akasema yalla, yaani twende, na kumwonyesha kona ya mtaa kwa kidole. Walikwenda mpaka kona wakarudi, na wiki iliyofuata wakafika hospitali.

Mwaka 2014 bosi alifungua ofisi ya Riyadh na kumhamishia mama yake mtaa wa Malaz. Danson akahama nao. Asubuhi aliwapeleka wateja wetu uwanja wa ndege, alasiri alikuwa wa Mama. Wanaotujua wanajua tunachouza: ziara za Ayalandi, siku kumi ndani ya basi lenye viti vipana na madirisha makubwa, kiongozi anayesimulia njia nzima, mashamba ya kijani, miji ya kale, na hoteli ambako mzigo wako unaletewa mlangoni. Danson alikikariri kijitabu chetu cha matangazo kuanzia jalada hadi jalada. Njiani aliwaeleza wateja habari za ngome ya Kilkenny kwa uhakika mkubwa, hata mmoja wao akaniuliza Danson aliishi huko mwaka gani. Nilimjibu kwamba mbali kabisa alikowahi kufika ni hapa hapa Riyadh.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hapa ofisini walilijua nusu nusu. Danson aliomba kwa mara ya kwanza kurudi nyumbani moja kwa moja mwaka 2015. Huko Makueni mkewe, Maryann, alikuwa amesimamia ujenzi wa nyumba na shamba la michungwa akiwa peke yake, na alikuwa amechoka kuwa mke wa simu. Bosi aliisoma barua, akakubali, ila akaomba kwanza apatikane dereva ambaye Mama atampanda. Walijaribiwa watano. Kila mara Mama alifika langoni, akafungua mlango, akashuka. Bila Danson, mafi, hakuna safari, alisema, na kwake neno hilo halikuwa na rufaa. Ikama, kibali chake cha kuishi, ikaongezwa. Mwaka 2017 akaomba tena, na ikaongezwa tena.

Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Siku moja tukinywa chai jikoni mwa ofisi aliniambia: "Gilbert, mimi si mfungwa. Nikisema naenda, bosi ataniachilia. Lakini nikienda, huyu mama atakaa ndani ya nyumba mpaka kufa kwake. Sasa wewe ungefanyaje?" Nilimwongezea sukari, ambayo daktari alikuwa ameshamkataza.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, Mama, akiwa na miaka sabini na minne, alitangaza kwamba kabla macho yake hayajachoka anataka kuona majani ambayo hakuna binadamu aliyeyamwagilia maji. Bosi akatenga nafasi tatu katika ziara: ya Mama, ya binti yake Hessa, na ya Danson, maana bila yeye Mama asingetoka hata nje ya lango. Fomu ya viza ya Danson niliijaza mimi. Penye sababu ya safari niliandika matembezi. Alinirudishia fomu nibadilishe, akisema yeye hajawahi kwenda mahali kutembea tu na hataki kuanza maisha ya uongo mbele ya ubalozi. Tulibishana nusu saa, nikamshinda.

Yaliyofuata nayajua kwa Hessa, na Danson mwenyewe ameyakiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Danson alilidai jembe siku ya kwanza. Huko Dublin alishusha masanduku ya abiria wote thelathini, wahudumu wa hoteli wakabaki wamekunja mikono. Kilkenny aliamka kabla ya kifungua kinywa akafuta vioo vya basi zima. Dereva, mzee mmoja wa huko mwenye mvi, alimkuta na kitambaa mkononi, akamwuliza kwa upole yeye amekosea nini.

Kwa Mama mambo hayakuwa mema. Huko magari hupita kushoto, na njia za vijijini ni nyembamba, zimebanwa na kuta za mawe pande zote. Danson alimwambia mafi mushkila, hakuna shida, kwao Kenya pia watu hupita kushoto na hufika. Mama aliitikia, kisha akazidi kuzungusha tasbihi. Siku ya tatu alikuwa hajaona jani hata moja, na basi liliposimama Cashel kwa chakula cha mchana, chini ya mwamba wenye magofu ya kanisa la kale, alimwambia binti yake kesho wanarudi Riyadh.

Danson alielewa maana yake. Mama akirudi vile, hatapanda gari la mtu mwingine maisha yake yote, na yeye mwenyewe atazeekea Malaz. Hapo Hessa akamvuta pembeni. "Danson, mama haangalii barabara," alimwambia. "Anaangalia mguu wako."

Ilikuwa kweli. Tangu Dublin, kila kona, mguu wa kulia wa Danson ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haikuwepo, na hakujua. Mama alikaa upande wa pili wa njia ya katikati. Miaka yote ile alikuwa ameyasoma mabega na miguu ya dereva wake kujua kama kuna hatari, na sasa mguu ulikuwa ukimwambia kwamba hatari ipo kila baada ya dakika mbili. Aliyekuwa akimtia hofu ni yule yule aliyeletwa kumwondolea hofu. Danson anasema aliona aibu ambayo hajaiona tangu akiwa shule ya msingi.

Walipopanda tena alivua viatu, akampa Hessa aviweke juu penye mizigo, akakunja miguu kitini kama mtu aliye mkekani kwake. Akautazama mgongo wa yule mzee dereva. Akajiambia kwamba mtu huyu ameijua njia hii kabla Danson hajaijua baiskeli. Kisha akafumba macho. Anakiri kwamba dakika za kwanza alikuwa akiigiza. Baada ya hapo, kwa ushahidi wa abiria waliokuwa karibu, alikoroma kweli kweli mpaka Killarney.

Mama hakuwahi kumwona Danson amelala ndani ya gari. Alimtazama kitambo kirefu, akamfunika shali yake, kisha akageukia dirishani. Hessa anasema aliacha tasbihi mapajani na kuanza kuhesabu kondoo kwa sauti. Siku zilizobaki waliona maziwa ya Killarney, vichochoro vya Galway na majabali yanayotazama bahari. Danson aliona nusu yake tu. Mama alimwamsha kwa fimbo yake ya kutembelea penye ngome na kumwacha alale penye milima, na mpaka leo ukitaka habari za milima lazima umwulize Mama.

Waliporudi Riyadh, dereva wetu Reuben ndiye aliyekuwa akiwangoja na gari. Danson alielekea mlango wa dereva kwa mazoea. Mama akamzuia: "Halas, Danson, imetosha. Wewe kaa." Reuben akawaendesha mpaka Malaz. Wiki hiyo hiyo Mama alimwita mwanawe, akamwambia mkataba wa Danson ukiisha asiuongeze hata siku moja, kwa sababu kuna mwanamke Makueni ambaye amemkopesha mume kwa muda mrefu mno. Alilia akisema hivyo, na Danson naye hakujizuia.

Alhamisi iliyopita Mama alikuja ofisini kuleta zawadi ya Maryann. Reuben ananiambia njiani alimhimiza aongeze mwendo, wasije wakamkosa Danson.

Mzee wetu, asante kwa kutufikisha sote salama, kwa vicheko na kwa mfano wa kazi. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na maisha mema pamoja na Maryann, ambaye Ijumaa atakupokea uwanja wa ndege bila kukuuliza likizo ni ya siku ngapi.

Gilbert Wafula
Dawati la Viza, Olaya