Kamati Yaichunguza Fomu ya Bi Mize

Baraza ya wanywa kahawa iko ukuta mmoja na kituo cha afya cha kisiwa kimoja kidogo, ng'ambo ya Mkoani, na wanaoikalia ndio hao hao kamati ya afya, maana pale asiyekosa kahawa hakosi cheo. Asubuhi hiyo walikuwa na fomu ya Bi Mize, muuguzi wa pekee, aombaye kujiunga na mtandao wa wauguzi wa watoto wachanga, wanaoulizana kwa simu yanayowatatiza. Bila ya saini ya mwenyekiti, Mzee Kificho, haingii. Ndani, dirishani, Mwanapili alimpakata mwanawe wa siku tano, hajashika ziwa tangu alfajiri, boti ya hospitali inangoja maji yajae, na kila neno la nje linamchoma.

— Usikimbilie kutia saini, Mwenyekiti, — alisema Ngwali, aitwaye Redio. — Muuguzi anayeuliza wenzake, hajui kazi.

— Hajui, — Kificho akaafiki.

— Siri ya mtungi aijuaye kata, — akaendelea Redio. — Sasa homa za wana wetu zikajadiliwe Dodoma?

— Homa kitu gani, yakhe? — alidakia Safari, aitwaye Profesa tangu alipofika Tanga mara moja. — Wauguzi wakishajuana watachukua likizo siku moja. Nchi nzima tutaumwa kwa zamu.

— Na watafundishana sindano ya kumfanya mtu asibishe.

— Hiyo naiunga mkono, — alisema Kificho. — Waanze na wewe, Redio.

Wakacheka. Profesa akaongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba. Haba ya nini, hakusema.

Ndani, Bi Mize alimdondoshea mtoto maziwa kwa kijiko, yakarudi kidevuni.

— Wa namna hii nimewaona watatu tu, mwanangu, — alisema taratibu. — Wenzangu huko wamewaona mia.

Mwanapili hakungoja zaidi. Arobaini haijaisha, mzazi hatoki nje, bibi yake angezirai, lakini alitoka, kanga imemwenda upande, akasimama mbele ya kamati.

— Assalamu alaykum, wazee wangu, mniwie radhi, nimesikia mnavyojua mambo, basi niambieni, mwanangu hanyonyi, amelegea, hata kulia halii, nimfanyeje?

Redio aliinamia kikombe kitupu. Profesa alifungua mdomo kutafuta methali, akaufunga.

— Jibuni, kamati, — alisema Mzee Kificho.

Akaivuta fomu karibu. Mzee akaanza kujipapasa mifuko, huu na huu, akitafuta kalamu.