Siku Vali Ilipogeuka Klepon

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Pak Hardono, Kiai Mustain, uliyetufungulia kwa dua, Bu Tumirah na ndugu wa ushirika, mlioacha mpunga uani mkaja kwetu, mafundi wenzangu, na wewe Bu Wuryani, mwenye siku yako: Assalamu alaikum.

Mimi Sugito, Gito wenu wa karakana, si mzoefu wa kusimama mbele za watu. Lakini dada yetu anastaafu leo, na mtu aliyetuandikia vitabu vya maelekezo vya mashine zetu zote za kukaushia mpunga, tutamwagaje kwa makofi matupu?

Wengine hamjui vitabu vile hutengenezwaje. Bu Wuryani huandika maneno, programu yake ikayapanga katika kurasa. Picha yeye haibandiki. Huandika tu anwani ya mahali ilipo mtandaoni, na kila kitabu kinapotolewa upya, programu huifuata huko huko. Raha iliyoje! Lakini je, mwenye picha akiibadilisha?

Mnaikumbuka siku ushirika ulipokuja kujaribu mashine. Wasingenunua, karakana ingefungwa kabla ya Lebaran, Idi yetu. Sote tulilijua hilo. Vitabu vilitolewa asubuhi ile ile. Bu Tumirah akafungua chake, akakunja uso.

"Pak Gito, hapa pameandikwa, 'Hatari ikitokea, funga hii haraka.' Mbona ni klepon?"

Wallahi, sahani ya klepon, vile vidonge vitamu vya unga wa mchele, kijani, na nazi juu! Picha ya vali ya gesi ilikuwa kwenye tovuti ya duka la vipuri. Duka lilikuwa limegeukia vitafunio, na picha mpya ikawekwa kwa jina la ile ya zamani.

"Basi hatari ikija, tule kwanza!" akapaza sauti fundi mwenzangu Slamet. Watu wakacheka.

Bu Wuryani angeweza kuulaumu mtandao, na nani angembishia? Akasimama mbele ya wageni.

"Kosa ni langu, Bu. Nilitegemea picha ya watu. Hebu njoo, uishike vali yenyewe."

Bu Tumirah akaishika. Bu Wuryani akaupiga picha ule mkono, akaiweka kwenye tovuti yetu wenyewe, akabadilisha anwani, akatoa kitabu upya, na chai ya wageni haijapoa. Bu Tumirah akautazama mkono wake kitabuni, pete ya akiki ikiwaka.

"Sasa hata mume wangu atajua pa kufunga. Mkono huu anauogopa!"

Wakanunua, alhamdulillahi. Na tangu hapo, kila Ijumaa tukitoka msikitini tulimkuta Bu Wuryani akifungua kitabu kimoja kimoja, kuona kama kila picha bado iko mahali pake.

Dada yangu, mkono wa Bu Tumirah umefika mashamba yote ya Klaten, lakini sura yako haimo katika kitabu hata kimoja. Pak Hardono ameridhia tulirekebishe hilo. Ukikata tumpeng hii, mlima huu wa wali wa sherehe, na kumpa Bu Tumirah kipande cha kwanza, kama ulivyotuomba, Slamet atapiga picha, nayo itakaa mwanzo wa kila kitabu chetu. Itawekwa kwenye tovuti yetu wenyewe, Bu. Hapo hakuna wa kukugeuza klepon.

Mwenyezi Mungu akutunze. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Bu Wuryani, kisu hiki hapa.