Jani ya Mia Moja ya Katungu

Bandugu, bavoisin, bajirani yetu, bacitoyen ya campus, mi ni koko ya Katungu, mama ya mama yake, sijue kusoma, donc hii karatasi balinipatia naiweka chini, nasema ile ninakumbuka.

Katungu alizaliwa hapa Kisangani, tarehe tisa mwezi ya tano 1956, papa yake ni Nzanzu, mucuruzi, mutu ya biashara kutoka Kivu, mama yake ni Philomène, binti yangu, sisi Bakumu ya upande ya Bangboka, padri alimubatiza Florentine, na wakati serikali ilikatalia batu majina ya padri, alisema bon, Katungu inatosha.

Alisoma ku bamasœur, basista ya kanisa, mupaka diplôme, mu 1975 akaingia campus kusoma botanique, elimu ya majani, mujomba yake, tonton Ignace, akamucheka, "Majani! Mbuzi inaijua bila université!", lakini hakurudia nyuma.

Kazi yake ya kumaliza graduat, ile diplôme ya kwanza ya campus, ilikuwa majani mia moja ya pori yetu, kila moja na maua ao matunda yake, inakaushwa ndani ya gazeti, inaandikwa jina, mi naonyesha, yeye anaandika. Ya mia ilikuwa fumbwa, ile mboga ya pori inapanda juu ya miti, tuliitafuta myezi na myezi mupaka tukaipata na matunda, akaiweka mu gazeti pembeni ya mbabula, jiko ya makala, ikauke, mi nikatoka soko, nikaona fumbwa, nikaikata, nikaipika na karanga. Alikula, akasifu, akaomba tena, kisha akaona gazeti iko wazi.

"Koko! Tumekula ya mia!"

Alicheka mupaka machozi, akasema tutangojea matunda ingine.

Kijana mumoja, Sébastien, alikuja kumuulizia ndoa mu 1977, bakapatana kungojea amalize graduat, mutoto hakuacha masomo. Mwezi ya kwanza 1978 figo ikamushika, akavimba miguu, akalazwa mara tatu, kila mara na bagazeti yake, ku kitanda anabandika majani, anaandika, mupaka tisini na tisa. Alikufa tarehe kumi na saba mwezi ya tisa, saa tatu ya asubui, akiniuliza kama fumbwa imezaa.

Imezaa. Jana, wakati bengine balikuwa banapigilia sanduku yake misumari, mi nilienda pori na hii magoti yangu, nikaikata na matunda yake, iko mu chumba, ndani ya gazeti, jiwe juu yake, bamama ya jikoni, musiiguse! Citoyen professeur Évariste aliniahidi ataiunga na ile tisini na tisa ingine, ku jina ya Katungu.

Asanti kwa bamuganga, kwa bavoisin balioleta maji na kuni, kwa banafunzi benzake balionibebea ngazi ku pori.

Pumzika na amani, mutoto yangu, leo ni mia.