Feni Iliyoungwa Dairekti

Tulikuwa abiria watatu kwenye bajaji ya kwenda Madale. Mama aliyekaa katikati aliona grisi kwenye mikono ya abiria wa kulia kwake, akajua ni fundi magari, akamuuliza kwa nini gari lake yeye mama, feni ya rejeta inayopoza injini haizimi.

“Ukiwasha tu, injini bado ya baridi, inaanza?” fundi akauliza. “Hapo hapo,” mama akajibu. “Basi wameiunga dairekti, hawakuipitisha kwenye sensa ya joto. Siku feni ikiungua kwa kuzunguka bila kupumzika, ukiwa unapanda mlima, gari litachemsha na injini itakufa. Fundi gani kakufanyia ujinga huo, mama?”

Sijawahi kukutana na fundi anayemsifu aliyemtangulia.

“Marehemu mume wangu,” mama akasema taratibu. “Feni iligoma kuwaka, gari likachemsha mlimani nikiwa na uchungu wa kujifungua, tukachelewa hospitali, tukampoteza mtoto. Wiki ile ile akauunga ule waya mwenyewe, akasema hii feni haitazima tena.”

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu. “Pole sana, mama. Lakini huo waya lazima ukatwe.”

Bajaji ilikuwa imeshasimama mbele ya geti la yule mama. “Najua,” akasema akishuka. “Wewe ni fundi wa tano kuniambia.”